Mkoba wa fimbo za pool: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mchezaji anaweza kukaa wiki nzima akitafuta fimbo: uzito wake, unene wake, ugumu wa ngozi ya ncha, jinsi inavyokaa mkononi. Ukifika wakati wa kutafuta kitu cha kuibebea, anaangalia rangi, anajaribu mkanda begani, analipa. Ndipo zinapozaliwa dhana nyingi ninazozisikia kila wachezaji wanapozungumzia mikoba. Mimi nashikilia jambo moja: mkoba wa fimbo huchaguliwa, na hubuniwa, kuanzia ndani kwenda nje. Anza na kile kinachogusa fimbo, halafu vipimo, halafu umbo, na mapambo yaje mwisho.

Ili tuelewane, sehemu ya nyuma ya fimbo nitaiita kitako, sehemu ya mbele nitaiita shafti, na pale zinapokutana ni maungio.

“Fimbo ya vipande viwili huingia mkoba wowote”

Fimbo nyingi za pool ya Kimarekani zina urefu wa inchi 57 au 58, yaani kama sentimita 145 hadi 147, na zimegawanywa katikati. Kila nusu inakaribia inchi 29, na mikoba mingi sokoni imekatwa kwa hesabu hiyo. Shida inaanza kwa aliyezoea snuka au pool ya Kiingereza. Huko fimbo nyingi hugawanywa kwenye robo tatu: kitako kifupi cha inchi 16 hivi na shafti ndefu inayofika inchi 42. Hiyo haiingii kwenye mkoba wa nusu kwa nusu hata ukiisukuma vipi. Tena zipo fimbo za kipande kimoja, ambazo kasha lake lazima lizidi mita moja na nusu kwa nje.

Hata kwa nusu kwa nusu, usiamini namba iliyoandikwa kwenye lebo kabla hujapima fimbo yako. Kuna shafti za inchi 30 na 31, kuna vitako vyenye kiendelezi nyuma, na kuna vile vifuniko vidogo vya maungio vinavyolinda skrubu na tundu lake. Vifuniko hivyo huongeza urefu, na wengi hupima fimbo bila kuvifunga. Vifunge kwanza, pima, kisha ongeza unene wa sponji ya chini na ya juu. Huo ndio urefu wa ndani unaoutafuta.

Unene nao una hesabu yake. Kitako cha fimbo ya pool huwa na kipenyo cha milimita 30 hadi 33 hivi sehemu yake nene zaidi. Maungio huwa karibu milimita 21, na ncha ni 12 au 13. Anayebuni mkoba hupima sehemu nene kuliko zote, anaongeza bitana pande zote mbili, kisha anaacha upenyo mdogo tu. Bomba, yaani njia ya ndani ambamo kipande hukaa, likibana, kila ukichomoa fimbo unavuta na bitana. Likilegea, kitako kinagonga kuta kila unapopiga hatua.

“Kasha gumu linalinda kuliko begi laini”

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Kitu kizito kikiangukia fimbo zako, ganda gumu litakusaidia. Lakini jiulize ni ajali gani zinazozipata fimbo kila siku. Mkoba umeegemezwa ukutani ukateleza. Umetupwa kwenye buti la gari. Umegonga fremu ya mlango. Katika ajali hizo zote ganda lina kazi yake, ila kinachoamua ni kama fimbo ilikuwa na nafasi ya kutembea ndani. Ganda gumu lenye fimbo zinazocheza ndani hufikisha kishindo chote moja kwa moja kwenye ncha na maungio.

Yale makasha ya mstatili ya alumini yanadanganya macho zaidi. Bati la pembeni mara nyingi ni jembamba, limebandikwa juu ya ubao mwepesi, na sponji iliyochongwa njia za fimbo haishiki chochote kwa juu mpaka kifuniko kiibane. Kifuniko kikiwa na sponji hafifu, fimbo hurukaruka humo ndani kasha linapobebwa wima. Sponji yenyewe huzeeka. Ile ya kawaida ya poliyurethani huharibika kwa unyevu na miaka, ikaanza kunata na kumomonyoka, na mabaki yake hung'ang'ania vanishi ya fimbo. Sponji ya EVA, yenye vitundu vilivyojifunga, huvumilia zaidi. Ukiwa unamwagiza fundi, mtajie aina ya sponji kabla ya kutaja rangi ya ngozi.

Begi laini lenye mabomba imara ndani, kila kipande na bomba lake, sponji nzito chini na kifuniko chenye pedi juu, linaweza kulinda fimbo vizuri kuliko kasha la bati. Kinachofaa kuogopwa ni begi laini kabisa, lile ambalo ndani yake kuna kitambaa kilichoshonwa mfuko na basi. Hilo huzuia mikwaruzo na vumbi tu.

Jaribio lake ni rahisi na dukani hawakukatazi. Tia fimbo ndani, funga, shika mkoba wima kwa mikono miwili, upandishe na uushushe kwa nguvu kidogo. Sikiliza. Ukisikia “tok” chini, sponji haitoshi. Ukisikia mlio wa kugongana pembeni, vipande viwili vinagusana, na huo mkoba uache hapohapo.

“Ndani kukiwa na kitambaa laini, yatosha”

Hapa ndipo ningependa mnunuzi akae muda mrefu kuliko kwingine kote. Bitana inaweza kuwa laini ajabu ukiigusa mdomoni mwa bomba, kumbe sentimita kumi chini kuna ukingo wa gundi uliokauka. Ingiza kidole, zungusha. Chukua kijiti kirefu, kizungushie kitambaa cheupe, kipitishe bomba zima hadi chini, halafu kichomoe taratibu ukikihisi mkononi. Kikikwama mahali, pana mshono au gundi. Kikitoka na rangi, bitana inachuja, na ikipata unyevu rangi hiyo itahamia kwenye shafti yako. Angalia pia kwa tochi kama kuna kichwa cha ribiti kilichotokeza. Vishikio na pete za mkanda hufungwa kwa ribiti, na fundi mvivu huacha kichwa chake kikitazama ndani.

Halafu kuna chaki. Wengi hudhani ile chaki ya buluu ni chokaa laini kama ya ubaoni. Chaki ya pool tunayoijua inatokana na hataza ya mwaka 1897 ya Wamarekani wawili, William Spinks, mchezaji wa biliadi, na William Hoskins, mkemia wa Chicago. Mchanganyiko wao ulikuwa wa silika na korandamu, na korandamu ni madini yanayotumika kutengenezea msasa. Kazi ya chaki ni kukwaruza: bila hivyo ncha ingeteleza kwenye mpira. Sasa fikiria unga huo umejaa chini ya bomba, na kila siku shafti inapanda na kushuka ndani yake. Vanishi haichakai kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo bitana nzuri ni ile inayoweza kusafishwa. Bitana inayochomoka nzima, au bomba lenye kizibo cha chini kinachofunguka, ni ubunifu wenye thamani kuliko nakshi yoyote ya nje. Kama mkoba wako hauna hayo, ugeuze kichwa chini mara kwa mara, upigepige, na upitishe kijiti chenye kitambaa kikavu. Futa ncha na shafti kabla ya kuziweka.

Hapohapo kuna swali la upande gani uingie kwanza. Wapo wanaosema haijalishi. Inajalisha. Skrubu ya kitako ikitazama chini bila kifuniko, itachimba sponji mpaka ifike kwenye sakafu ya mkoba, na siku moja itapokea uzito wote wa mkoba uliodondoka. Shafti ikikalia ncha, ngozi inabeba mapigo isiyopaswa kuyabeba. Weka ncha juu, funga vifuniko vya maungio, kisha kitako kiingie kwa namna ambayo utaweza kukichomoa bila kubana skrubu.

“Mkoba mzuri unazuia fimbo isipinde”

Mbao hupumua unyevu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi mbao hufyonza, ikiwa kavu hutoa, na kila mara hutanuka au kusinyaa kwa upana wake kuliko kwa urefu. Upande mmoja ukibadilika kuliko mwingine, au nyuzi za mti zikiwa hazikunyooka, fimbo hupinda. Mkoba hauwezi kuizuia sheria hiyo. Unachoweza ni kuchelewesha mabadiliko, ili fimbo isitoke kwenye joto kali na kuingia kwenye ubaridi kwa dakika moja. Na mkoba uliofungwa barabara unaweza pia kufungia unyevu ndani: ukitia taulo mbichi au fimbo iliyofutwa kwa kitambaa chenye maji, umeitengenezea chumba cha mvuke.

Wala usitegemee bomba kunyoosha iliyokwisha kupinda. Haiwezekani.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya gari: “iko kwenye mkoba mzuri, iache tu kwenye buti.” Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi ndani. Sponji na ngozi huchelewesha joto kwa muda tu. Saa kadhaa zikipita ndani ya mkoba ni sawa na nje. Gundi ya ncha hulegea, na mbao hukauka kwa kasi. Hakuna mkoba uliobuniwa kushinda hilo, kwa hiyo teremka nao.

“Ngozi halisi ndiyo ubora”

Ngozi ni nzuri, na mimi naipenda. Inadumu, inatengenezeka, inachukua nakshi. Lakini haizuii maji yenyewe, ni nzito, na inahitaji kupakwa mafuta. Naironi nene iliyopakwa upande wa ndani huvumilia mvua vizuri, ingawa maji hupenya kwenye mishono na zipu. Tazama zipu kwa makini kuliko ngozi. Meno yake ya chuma yakitazama njia ya fimbo bila ulimi wa kitambaa kuyafunika, kila ukichomoa kitako yanakipitia. Tazama pia mahali mkanda ulipofungwa. Pete zikiwa chini ya kitovu cha uzito, mkoba utapinduka begani ukiwa umejaa, ingawa dukani ukiwa mtupu ulikaa sawasawa.

“Chukua mkubwa, utaujaza baadaye”

Namba kama 2x4 husomeka hivi: ya kwanza ni vitako, ya pili ni shafti. Kwa hiyo 2x4 ni vitako viwili na shafti nne. Haibebi fimbo nne kamili, na wapo waliogundua hivyo nyumbani.

Hesabu unachobeba kweli. Mwenye fimbo ya kuchezea na ya kuvunjia, yaani ya pigo la kwanza, anatosheka na 2x2. Akiwa na shafti ya akiba, 2x3 au 2x4. Fimbo ya kurushia mpira juu ya mwingine mara nyingi hufunguka vipande vitatu vifupi, na kipande kifupi kikizama kwenye bomba refu utakitoa kwa kupindua mkoba mzima, kwa hiyo mwambie fundi aweke mfuko wa kando au azibe bomba moja kwa sponji ndefu zaidi. Fimbo moja ina uzito wa gramu 500 hadi 600. Mkoba mkubwa wa ngozi, hata ukiwa mtupu, huzishinda fimbo mbili kwa uzito, na bega lako litalijua hilo.

“Shafti ya nyuzi za kaboni haihitaji ulinzi”

Ni kweli haipindi kwa unyevu kama mbao. Lakini pigo kali kwenye ukingo mgumu linaweza kuipasua, ngozi ya ncha yake ni ngozi kama nyingine, na kitako chake kwa kawaida bado ni cha mbao. Ipe bomba lake.

“Ukiwa na kasha dogo, unapanda nalo ndege”

Nchini Marekani, TSA, idara ya usalama wa usafiri inayokagua abiria, hairuhusu fimbo za pool kwenye mizigo ya mkononi, kasha liwe la ukubwa wowote. Zinaenda kwenye mizigo inayokabidhiwa. Kwingineko sheria hutofautiana, kwa hiyo uliza shirika la ndege kabla ya siku ya safari. Hapa ganda gumu linastahili nafasi yake, kwa sababu mkoba utarundikwa chini ya masanduku ya watu wengine. Anayesafiri mara kwa mara afikirie mpango wa vitu viwili: mkoba wake wa kila siku wenye mabomba, na ganda la safari ambalo mkoba huo unaingia mzima, ukiwa umezungushiwa nguo ili usitembee. Kabla ya kuukabidhi, jaza sponji au soksi nene juu ya ncha, funga zipu, halafu rudia lile jaribio la kuupandisha na kuushusha. Ukinyamaza, ukabidhi.