Bamia haiongezi ute wa goti

Jamani hii ya bamia imekaa sana mtaani, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta mtu goti likilia anaambiwa "ute umeisha", basi kila siku mlenda. Bamia ni mboga nzuri, kuleni, ila ule utelezi ukishafika tumboni unaishia kwenye utumbo, hauna njia ya kwenda gotini. Ute wa goti unatengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe, na goti lililochakaa mara nyingi linajaa maji zaidi, ndo maana linavimba. Kinachochakaa ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, goti linaweza kuuma wakati ubovu uko kwenye nyonga, maana neva zinazopita nyonga zinafika hadi gotini. Mama yangu mdogo alichua goti miezi kibao, kumbe kupanda daladala anainua mguu kwa mkono na kinena kinamvuta. Daktari alimlaza chali, akamkunja goti, akauzungusha mguu taratibu, maumivu yakaja kinenani, dalili kwamba shida iko nyonga. Picha ikapigwa ya nyonga. Goti likiwa jekundu, la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.