Kipimo kimetoka hasi, amoksilini ya nini?

"Daktari, si usaha unauona mwenyewe? Niandikie tu amoksilini." Wiki hii nimeyasikia kwa akina mama watatu wa watoto wenye koo linalouma, kipimo cha bakteria kikiwa kimetoka hasi, mmoja akiwa na kapsuli za duka la dawa tayari mkobani.

Haya, usaha. Madoa meupe kwenye mafindofindo hayasemi ni mdudu gani. Adenovirusi huyaleta. Virusi vya Epstein-Barr huyaleta mazito kabisa, na ukimpa mgonjwa huyo amoksilini anaweza kuota vipele mwili mzima, kisha aishi akiamini ana aleji ya penisilini. Tunayemwinda ni bakteria aitwaye streptokoki wa kundi A, anayehusika kwa watoto wawili au watatu kati ya kumi wenye koo linalouma, na kwa mtu mzima mmoja hivi kati ya kumi. Wengi waliobaki ni virusi, na virusi havijali amoksilini.

Kwa hiyo kwanza naangalia. Ana homa? Tezi za shingoni zimevimba na zinauma zikiguswa? Hakohoi? Akiwa na mafua, kikohozi na sauti imekauka, sipimi kabisa. Nisimalizie vitendanishi bure. Dalili zikielekea kwa bakteria, napitisha kijiti kooni kwa kipimo cha haraka cha streptokoki, na jibu linatoka ndani ya dakika 10. Likiwa chanya, mara nyingi ni kweli. Likiwa hasi, linaweza kuwakosa mmoja au wawili kati ya kumi wenye bakteria, ndiyo maana mtoto ninayemshuku sana namchukulia sampuli ya kuotesha maabara. Tubishane hapo, siyo kwenye rangi ya mafindofindo.

"Lakini rumatiki inaharibu moyo." Homa hiyo, inayoweza kufuata koo la streptokoki lisilotibiwa, inaharibu kweli, vali za moyo zilizoharibika nimezisikia zikivuma. Ila penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado inakinga, basi hizo dakika 10 zina kosa gani? Tena mwenye jibu chanya ndiye huyo huyo anayeacha vidonge siku ya tatu, homa ikishuka, wakati dozi ni siku 10. Nikiona dalili hizo za kuacha, namchoma sindano moja ya benzathine, penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, alie yaishe.

"Umeingiza mbali, anataka kutapika." Hapo ndipo penyewe. Kijiti kiguse mafindofindo yote mawili na ukuta wa nyuma. Kikiishia ulimini, jibu hasi halina maana.

"Alimeza vidonge viwili tu jana." Hata hivyo viwili vinaweza kumficha bakteria. Nitajie kabla sijapima.

"Pima na wadogo zake." Hawaumwi, siwapimi. Wapo watoto wanaombeba streptokoki kooni bila kuugua, nitaishia kutibu karatasi.

Na kimeo jamani! Hakisababishi koo kuuma, na hakuna kipimo chochote kinachosema kikatwe. Aliyekatwa kwa wembe huletwa kwangu akivuja damu, na hapo hakuna anayeuliza habari za amoksilini.