Steaua București: Hagi hakuwepo Sevilla, na mengine yanayokosewa

"Hagi alitwaa Kombe la Ulaya la 1986." Hapana. Tarehe 7 Mei 1986, Steaua, klabu ya Bucharest, Romania, ilipoikabili Barcelona katika fainali ya kombe hilo (leo Ligi ya Mabingwa) mjini Sevilla, nyota wa Romania Gheorghe Hagi alikuwa bado katika klabu nyingine, Sportul Studențesc. Alijiunga na Steaua mapema 1987, kwa mkopo wa mechi moja tu: Super Cup ya Ulaya dhidi ya Dynamo Kyiv, Monaco. Alifunga bao pekee kwa mpira wa adhabu, na Steaua haikumrudisha. Watu huchanganya na fainali ya Kombe la Ulaya ya 1989, ambayo kweli alicheza, ila Milan iliwafunga 4-0.

"Barcelona walikosa, Steaua hawakukosa." Baada ya dakika 120 za 0-0, Steaua ndio walioanza kupiga penati, na mbili zao za kwanza, za Majearu na Bölöni, zilidakwa na Urruti, kipa wa Barcelona. Lăcătuș na Balint ndio waliofunga. Kilichookoa timu ni kipa Helmuth Duckadam, aliyezuia zote nne za Barcelona: za Alexanko, Pedraza, Pichi Alonso na Marcos. Tatu za kwanza alirukia kulia kwake, ya nne akabadilisha upande. Penati nane, mabao mawili!

"Duckadam alivunjwa mikono kwa amri ya familia ya Ceaușescu, kisa gari la zawadi." Uvumi mtamu kuhusu familia ya mtawala wa Romania wa wakati huo, lakini Duckadam mwenyewe aliukanusha. Alikuwa na tatizo la mshipa wa damu katika mkono wa kulia, akafanyiwa upasuaji kiangazi hichohicho. Baadaye alirudi golini katika klabu ndogo ya Arad, jambo lisilowezekana kwa mikono iliyopondwa.

"Jina lilikuwa Steaua tangu mwanzo." Jeshi lilianzisha klabu mwaka 1947 ikiitwa ASA, kisha CSCA, kisha CCA. Steaua, yaani "nyota", lilikuja 1961.

"FCSB ni jina jipya tu la Steaua." Hapa ndipo penye utata wa kweli. Timu ya soka ilitengana na klabu ya jeshi mwaka 1998, na baadaye ikawa chini ya mfanyabiashara Gigi Becali. Wizara ya Ulinzi ilishtaki kuhusu jina na nembo. Mwishoni mwa 2014 mahakama ya juu ikaipa ushindi, timu ikalazimika kucheza bila nembo yake. Mwaka 2017 ikajiita FCSB rasmi, na mwaka huohuo jeshi likafufua timu yake, CSA Steaua, kuanzia daraja la nne. UEFA huhesabu kombe la 1986 kuwa la FCSB. Mwambie hivyo shabiki wa CSA Steaua kule Ghencea, kwenye uwanja wa jeshi, uone.