Kuku wa mayai ya chokoleti na rangi za manyoya: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Siku hizi mfugaji wa uani akishaona picha ya yai la Marans, aina ya kuku kutoka Ufaransa, lile la rangi ya chokoleti, anataka hao kuku haraka sana, na simlaumu maana yai la Marans likiwa zuri ni zuri kweli. Tatizo ni maneno yanayouzwa pamoja na hao kuku. Mtu anatoa hela nyingi kununua mayai ya kutotolesha, anasubiri siku 21, anakuza mitetea miezi sita au saba, halafu yai la kwanza linatoka kahawia ya kawaida kabisa ile ya trei za dukani. Ukimuuliza ulichaguaje anakwambia niliangalia manyoya.

Basi tuanzie hapo hapo kwenye manyoya.

"Ukiona mweusi mwenye shingo ya shaba, huyo ni wa mayai meusi", yaani ya kahawia iliyokolea. Hapana. Jina Marans ni la mji mdogo magharibi mwa Ufaransa karibu na La Rochelle, zamani ulikuwa bandari, mabaharia wakishusha majogoo wa kupigana, wakazaliana na kuku wa wenyeji, na baadaye wakaingizwa Langshan ambao asili yao ni China. Chama cha wafugaji wa Marans cha huko Ufaransa kilianzishwa 1929 na mpaka leo kitu wanachokisimamia kwa nguvu ni yai, wana kadi ya rangi kuanzia 1 mpaka 9 na yai likiwa chini ya 4 hawalikubali kuwa la Marans hata mamake awe na manyoya mazuri namna gani. Na wako sahihi kabisa, kwa sababu jeni zinazopaka shingo shaba sio zinazopaka ganda. Ukichukua jogoo mweusi wa shaba ukampandisha kwa jike yeyote mweusi, ukachagua manyoya tu vizazi viwili vitatu, utapata kuku anayefanana na Marans kila kitu na yai lake limepauka. Manyoya ya miguuni nayo hayakusaidii, Marans wa Kifaransa anayo, wa Kiingereza miguu yake mitupu.

Sasa hii inayofuata ndo naona inaharibu kazi za watu kuliko zote: "jogoo hatagi, kwa hiyo kwenye rangi ya yai hahusiki". Jamani, anahusika nusu! Mtetea amechukua nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, na weusi wa yai hauletwi na jeni moja, ni nyingi zinazofanya kazi pamoja kila moja ikiongeza kidogo, ndo maana ukichanganya kuku wa yai jeusi na wa yai jeupe mabinti wanataga rangi ya katikati. Ukiwa na majike wazuri watano halafu jogoo mmoja umeokota tu kwa sababu ana mkia mzuri, umewapunguzia mabinti wote kwa mkupuo mmoja.

Utamjuaje jogoo mwenye yai jeusi ndani yake? Kwa mama yake kwanza. Andika kwenye yai kwa penseli limetoka kwa jike gani, kwenye mashine tenganisha mayai ya kila jike na kizuizi, vifaranga wakitoka wavishe pete mguuni. Majogoo wa kubaki ni wale ambao mama yao ametaga meusi na ameendelea kutaga meusi miezi kadhaa. Nasisitiza miezi kadhaa kwa sababu mtetea anayeanza kutaga mayai yake ya mwanzo ndo huwa meusi kuliko yote, halafu kadiri anavyoendelea na msimu rangi inashuka, akishapukutisha manyoya na kupumzika inarudi. Ukichagua kwa yai la wiki ya kwanza kila mtu atakuwa bingwa. Hatua ya pili ni binti zake, jogoo anathibitika pale mabinti wanapoanza kutaga, kwa hiyo ukimchinja kabla ya hapo umechinja jibu ulilokuwa unalingoja.

Na usishangae yule mwenye yai jeusi kuliko wote akiwa mvivu wa kutaga. Marans wengi wanataga kama 150 mpaka 200 kwa mwaka, wakati kuku wa mayai wa kisasa anapita 300. Anayetaga kwa kupumzika anapata rangi zaidi kwa kila yai, ndivyo inavyokwenda, chagua unachotaka.

Chakula je? Kuna wanaowapa karoti, pilipili ya unga, hata makapi ya kahawa ili ganda liwe jeusi. Vitu vyenye karotini kama mahindi ya njano, mchicha na majani mabichi vinabadilisha kiini, ganda havilifikii. Rangi ya ganda inaitwa protoporfirini, kuku anaitengeneza mwenyewe mwilini, yai linakaa karibu masaa 20 kwenye sehemu inayojenga ganda na hiyo rangi sehemu kubwa inapakwa masaa machache ya mwisho, juu juu. Ndo maana yai la Marans lililotoka sasa hivi likiwa bado bichi ukilisugua rangi inabanduka, na ndo maana ukilivunja kwa ndani ganda limepauka. Watu wanaona ile rangi inayotoka wanasema umepaka! Hajapaka mtu.

Kwa hiyo hata lile la kwamba yai jeusi lina lishe zaidi linajijibu, ganda jeusi haliongezi protini wala vitamini. Na kwetu huku liko na sura nyingine, mteja anaamini yai la kahawia ndo la kienyeji. Yale ya kahawia kwenye trei mengi yanatoka kwa Isa Brown na Lohmann Brown wanaofugwa kisasa kabisa, wakati kuku wa kienyeji hasa mayai yake yako meupe, ya maziwa, ya kahawia hafifu, yamechanganyika.

Wengine wanaangalia ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio: ndewe nyekundu yai la kahawia, ndewe nyeupe yai jeupe. Kwa aina nyingi inaangukia hivyo lakini sio sheria. Penedesenca wa Catalonia, Hispania, ana ndewe nyeupe na yai lake jeusi kushindana na Marans, na Araucana wa Chile ana ndewe nyekundu anataga bluu.

Hiyo bluu ni habari tofauti na kahawia. Ni jeni moja yenye nguvu, mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba inatokana na kipande cha kirusi cha zamani kilichojichomeka kwenye vinasaba vya kuku, na rangi yake inapenya ganda lote mpaka ndani. Ukichanganya wa bluu na Marans unapata yai la kijani cha zeituni, yaani bluu iliyopakwa kahawia juu. Watu wanadhani ukiwapandisha hao wa zeituni kwa Marans tena wote watataga zeituni iliyokolea. Nusu ya mabinti wataikosa bluu kabisa watataga kahawia, ile nusu nyingine ndo inakupa unachotafuta.

Turudi manyoya kidogo kwa wale wanaopenda kuku wa kijivu, ambao wafugaji wanawaita bluu. "Bluu kwa bluu unapata bluu." Unapata nusu tu, robo wanatoka weusi na robo weupe wenye madoa ya kijivu. Ukitaka kijivu watupu pandisha mweusi kwa yule wa madoa, vifaranga wote watakuwa kijivu, na wakiwa wa shaba, shaba yao ya shingoni inabaki maana hiyo jeni inafifisha weusi. Hizo robo na nusu ni bahati ya kila yai peke yake, ukitotolesha mayai manane usidai ziwe mbili nne mbili.

Yai la ncha kali kutoa jogoo, hili nimelisikia toka kwa bibi mpaka kwa wauza mashine, na halina ukweli. Jinsia inaamuliwa na chembe ya mama kabla hata ganda halijaanza. Ukitaka kujua mapema tumia manyoya: jogoo mweusi wa shaba kwa jike wa rangi ya kanga, yule wa mistari, vifaranga wa kiume wanatoka na doa jeupe kichwani na wa kike hawana. Ukigeuza, jogoo wa kanga kwa jike mweusi, haifanyi kazi.

Kuna pia wanaosema jike akishapandwa na jogoo wa mtaani damu imeharibika moja kwa moja. Mbegu inahifadhiwa ndani ya jike wiki mbili tatu hivi, basi. Mtenge, subiri mwezi mmoja kwa usalama, mpe jogoo wako, watoto ni wa jogoo wako.

Na mayai yakipauka kundi zima ndani ya siku chache, usikimbilie kulaumu mbegu. Kuku akishtuka anaweza kulizuia yai likatoka na vumbi jeupe la chokaa juu. Dawa ya koksidia (vimelea vya utumbo) yenye nikarabazini inafuta rangi ya kahawia, soma paketi kabla hujawapa wanaotaga. Ila ikiwa na maganda laini, kukohoa, au kuhara kijani, hapo fikiria kideri au bronkaitisi ya kuambukiza, ugonjwa wa njia ya hewa, funga banda, usiuze wala kugawa kuku, na muite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.