Ligi Kuu ya Wanawake: yanayosemwa Kigoma na yaliyo kweli

Nafundisha wasichana mpira hapa Ujiji, kwenye kiwanja cha shule chenye vumbi wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Maneno ninayoyajibu hapa nimeyasikia kwa masikio yangu: kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala ya kwenda Mwanga, na mwaloni Kibirizi dagaa wakianikwa. Wanaoyasema si watu wabaya. Wengi ni wapenzi wa kweli wa mpira, katika mji uliomtoa kipa Juma Kaseja. Lakini kila msimu wa ligi ukianza, maneno hayohayo huniondolea msichana mmoja au wawili kiwanjani, na jambo hilo linaniuma.

"Ligi ya wanawake ni Simba na Yanga tu, wengine wasindikizaji."

Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza msimu wa 2016/17, na kombe la kwanza halikwenda Msimbazi kwa Simba wala Jangwani kwa Yanga. Walilibeba Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa mkoa wa Pwani, kando ya barabara ya Morogoro. Misimu miwili iliyofuata bingwa akawa JKT Queens. Simba Queens walianza kulitwaa 2019/20, wakakaa nalo misimu mitatu mfululizo, na tangu hapo wanapokezana na JKT: JKT 2022/23, Simba 2023/24, JKT tena 2024/25. Yanga Princess, pamoja na ukubwa wa jina lao, hadi msimu huo wa 2024/25 walikuwa hawajaonja ubingwa.

Na sisi tulikuwamo. Msimu wa 2018/19 ligi ilipokuwa na timu 12, Kigoma Sisterz ilikuwa mojawapo. Wasichana wangu wengi walikuwa wadogo mno wakati ule, kwa hiyo ninawasimulia, maana mtoto anayejua kwamba dada zake waliwahi kufika kule hukaba kwa namna nyingine kabisa.

"Wanawake hucheza dakika pungufu."

Hapana. Ni dakika 90, uwanja uleule, goli lilelile, mpira namba 5 uleule. Pengine dhana hii ina mizizi ya zamani: Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991, lilichezwa kwa dakika 80. Lilipofuata la 1995 zikawa 90.

"Ukishachukua ubingwa wa Bara, umefika Afrika."

Hili linasemwa na watu wanaofuatilia mpira vizuri, kwa sababu wanaupima kwa ligi ya wanaume. Kwa wanawake njia ni nyembamba zaidi. Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, iliyoanza 2021, hukusanya timu nane katika fainali zake. Bingwa wetu lazima kwanza akapambane na mabingwa wa nchi jirani katika michuano ya kanda ya CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, na anayeshinda huko ndiye anayeendelea.

Kwa hiyo ubingwa wa nyumbani ni nusu ya safari. Simba Queens walikwama kwenye kanda mwaka 2021 na tena 2024. Lakini mwaka 2022 waliishinda SHE Corporate ya Uganda 1-0 katika fainali iliyochezwa Dar es Salaam, wakaenda Morocco na kumaliza nafasi ya nne Afrika nzima. JKT Queens walipita 2023 na 2025. Mtu akikwambia ligi hii haina ushindani, mwambie kwamba timu zake mbili tofauti zimekuwa bingwa wa kanda ndani ya miaka michache.

"Mabinti wa mikoani hawana uwezo, ndiyo maana timu zao hufungwa mabao mengi."

Hapa naomba tuhesabu pamoja. Ligi ya timu 12, nyumbani na ugenini, ni mechi 22, na 11 kati ya hizo ni za kusafiri. Sisi tuko mwisho wa reli. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200: unapita Tabora, Dodoma, Morogoro, ndipo ufike. Ukienda kwa basi nako si karibu. Timu yenye fedha hufika mapema, hulala, hunyoosha miguu, hufanya mazoezi mepesi, ndipo inaingia uwanjani. Timu isiyo na fedha hushuka kwenye gari miguu imevimba, ikiwa na wachezaji wa akiba wachache kwa sababu kila kiti cha ziada ni nauli, chakula na kitanda. Dakika ya 70 ikifika, unaona tofauti kwenye ubao wa magoli. Anayetazama matokeo tu huona mabao mengi. Safari haionekani kwenye msimamo wa ligi.

Kuhusu uwezo, mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia India. Walifungwa na Japan 4-0 mechi ya kwanza, na wengi wakakata tamaa. Wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali. Taifa Stars, timu ya taifa ya wanaume, bado hawajacheza Kombe la Dunia hata mara moja. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga naye alipitia Yanga Princess, akaenda Hispania, kisha Al-Nassr ya Saudi Arabia. Hawa wawili wameonekana kwenye ligi hii inayodharauliwa.

"Mpira unaharibu kizazi."

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu husemwa kwa upendo. Mama mmoja pale Kibirizi, akipara migebuka, aliniambia: "Mwalimu, huyu binti nimempata kwa shida. Mkimpiga mpira tumboni, nani atanizalia wajukuu?"

Nilichuchumaa kando yake nikamweleza. Mji wa mimba wa msichana asiye na mimba umekaa chini kabisa ndani ya nyonga, umezungukwa na mifupa. Mpira ukimpiga tumboni ataumia, lakini hautamwondolea uzazi. Hedhi si sababu ya kumzuia kucheza. Kinachoweza kusimamisha hedhi ni mazoezi mazito juu ya tumbo tupu, maana mwili ukikosa nguvu huanza kubana matumizi. Dawa yake ni sahani: ugali wa muhogo usikae peke yake, uwe na dagaa, maharage, mboga yenye mawese. Hedhi ikikatika miezi mitatu, apelekwe kituo cha afya. Wanasoka huzaa na kurudi uwanjani, kiasi kwamba tangu 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi ya wiki 14 zisizopungua, kwa malipo ya angalau theluthi mbili ya mshahara.

Sikumficha hatari iliyo ya kweli, nayo iko gotini. Wanawake huchanika kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wanaume, na jeraha hilo humweka mtu nje msimu mzima. Ndiyo maana kila siku tunaanza na dakika 20 za kupasha mwili, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, kabla mtu hajagusa mpira. Wasichana hulalamika. Siwasikilizi.

Mama alinisikia mpaka mwisho, akageuza samaki mwingine. Kisha akauliza: "Na mnawaachia saa ngapi?"

Nikajibu kwamba humaliza saa kumi na mbili na nusu. Akatikisa kichwa. Kutoka Ujiji hadi Kibirizi, binti peke yake, giza limeshaingia. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo na mimi sikuwahi kuuliza. Sasa tunamaliza saa kumi na mbili kasorobo, wa Kibirizi wanatoka pamoja, na binti yake anacheza beki wa kulia.