Baba kubeba kichanga hakumbemendi mtoto

Hii ya kubemenda tumeisikia toka utotoni, kwamba baba akitoka nje ya ndoa halafu akambeba mtoto basi mtoto anadhoofu, anachelewa kutembea, ndo maana jamaa wengi wakipata kichanga wanakichungulia tu toka mlangoni, hata mwaminifu anaogopa kushukiwa.

Sasa mtoto anayeitwa kabemendwa ukimpeleka kliniki akapimwa uzito mara nyingi ni utapiamlo, au kuharisha, au TB, vitu vyenye matibabu. Kuchepuka kuna hatari yake kweli, mama anayenyonyesha akiambukizwa VVU mtoto anaweza kuvipata kwenye maziwa, ila hiyo ni virusi, sio mikono ya baba.

Tena kwa njiti (mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati) WHO kwenye mwongozo wao wa 2022 wanashauri kangaruu, mtoto ngozi kwa ngozi kifuani kwa masaa 8 mpaka 24 kwa siku, na mama akichoka baba anavua shati anapokea. Kunyonyesha tu ndo huwezi kaka. Akimaliza kunyonya mweke begani, shika shingo, mpapase mgongo taratibu mpaka acheue (weka na kitambaa, utaloa).