Namba ya UN haipimi ukali

Pale Mokowe, Lamu, karibu na jeti, lori la mafuta likiegeshwa hakosekani mtu wa kusoma bamba lake la rangi ya chungwa na kulitolea fatwa. Juzi nimesikia tena: "Hilo ni 1203 tu, si kali. Makali ni yale ya elfu tatu." Msemaji ni mtu mzima, ulimi wake mwepesi, na vijana walimwamini. Elfu tatu aliyoijua yeye ni 3481, inayobandikwa kwenye makasha ya simu kwa sababu ya betri za lithiamu. Basi kwa hesabu hiyo trela zima la petroli ni pole kuliko simu mpya iliyo ndani ya kasha lake.

Namba ya UN ni tarakimu nne za kutambulisha bidhaa hatari inaposafirishwa, iwe kwa lori, meli, reli au ndege. Inatolewa na kamati ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo mapendekezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1956, na ni ileile ukiwa Lamu, Mumbai au Rotterdam. Petroli ni 1203, dizeli 1202, mafuta ya taa 1223, gesi ya kupikia 1075 au 1965. Basi, maana yake imeisha hapo. Inakuambia hiki ni kitu gani.

Ukali haumo. Anayebisha na atazame jinsi orodha yenyewe ilivyopangwa. Inaanza upande wa gesi: 1001 asetilini, 1002 hewa iliyoshindiliwa, 1005 amonia, 1006 argoni, 1011 butani, 1013 kaboni dioksaidi, 1017 klorini. Hewa iliyoshindiliwa, ya kujaza mitungi ya wapiga mbizi, imekaa kabla ya amonia, na klorini iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia imekuja nyuma ya zote hizo. Ni mpangilio gani huo? Ni alfabeti ya Kiingereza, hakuna zaidi. Dizeli na petroli ni majirani kwa sababu katika orodha dizeli huitwa gas oil na petroli huitwa gasoline. Baadaye kidogo kuna heksani, 1208, kisha mafuta ya taa kwa jina la kerosene, kisha methanoli, 1230. Vitu vilivyokuja baadaye viliongezwa mkiani, ndiyo maana betri za lithiamu ziko elfu tatu na ushei. Mgeni wa mwisho kufika amepewa kiti cha mwisho.

Na milipuko je? Yote huanza na sifuri. Baruti nyeusi ni 0027. TNT ni 0209. Manukato ya spiriti, yale ya chupa za dukani, ni 1266. Tukifuata fatwa ya Mokowe, bibi harusi anayejipulizia manukato anacheza na kitu kikali mara sita kuliko TNT.

Kuna namba moja ambayo mtu wa pwani angeifurahia: 1363. Hiyo ni mbata. Naam, nazi iliyokaushwa, ina namba yake ya UN pamoja na petroli na tindikali, na jirani zake ni mkaa, 1361, na pamba yenye unyevu, 1365. Yeyote aliyewahi kuingiza mkono katikati ya lundo la mbata ambazo hazikukauka vizuri anajua sababu: nje ni baridi, ndani pana fukuto. Unyevu huleta ukungu na vijidudu, navyo huanzisha joto. Kisha mafuta ya nazi yanakutana na hewa na kuongeza joto jingine, nalo limebanwa na lundo, halina pa kutokea. Zikishindiliwa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, safari nzima bila hewa kupita, zinaweza kuwaka zenyewe, hakuna kiberiti wala sigara. Kwa hiyo zimewekwa katika tabaka la 4.2, la vitu vinavyoweza kujiwasha. Hatari yake ni ya kweli, lakini ni ya namna nyingine kabisa na ya petroli, na kuzipambanisha 1203 na 1363 kuona ipi kubwa hakukufikishi popote.

Anayetaka kujua ukali atazame kwingine. Kwanza alama ya mraba uliosimama kwenye pembe, yenye picha ya moto, fuvu, au kitu kinachodondoka na kula mkono. Hiyo hutaja tabaka, yaani aina ya hatari. Pili, katika mabamba ya mtindo wa Ulaya kuna namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini ndiyo ya UN. Ya juu ndiyo yenye habari za hatari: petroli 33, dizeli 30. Tarakimu 3 ni kimiminika kinachowaka, ikirudiwa maana yake uwakaji umezidi, na sifuri ni ya kujazia tu. Ikitanguliwa na herufi X, maji yasiguse shehena hiyo. Tatu, katika karatasi za mzigo kuna kundi la ufungashaji, I, II au III. Hapo fatwa ingepinduka kabisa, kwa sababu kundi la I ndilo kali kuliko yote.

Nina sababu ya kung'ang'ania 33 na 30. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipashwe hadi nyuzi 50 na kitu za selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze kwenye jua letu la saa sita. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Mtungi ukivuja ndani ya boti, mvuke haupai ukaondoka na upepo. Unashuka chini ya mbao, unalala ngamani pamoja na maji ya uvundo, ukingoja cheche ya starta. Nahodha aliyezoea kubeba madumu ya dizeli akabadilishiwa ya petroli amepata mzigo mwingine kabisa, ingawa namba imesogea kwa moja tu. Barabarani ni hivyohivyo. Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, lori lililopinduka lilikuwa la petroli, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 wakafa.

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe kule Kililana, Mei 2021, si mafuta peke yake yanayopita kwetu, na alama hizi tutazidi kuziona kwenye makontena. Usikariri orodha, ina vitu zaidi ya elfu mbili, na hata wazima moto huibeba kitabuni. Kazi ya namba ni kumwezesha aliye mbali ajue kilichomwagika bila kukisogelea. Ukikuta ajali kati ya Garsen na Witu, simama mbali upande upepo unakotoka, usome bamba kutoka hapo kama macho yanafika, upige 999 au 112 na utaje tarakimu zote nne kama zilivyo, pamoja na za juu kama zipo.

Na tafadhali, usiseme "lori la UN limepinduka." Nimesikia hilo pia, huko Malindi, na aliyepokea simu akauliza kama ni lile la chakula cha wakimbizi. Umoja wa Mataifa umetoa namba tu. Lori lina mwenyewe. Sema: lori la mafuta, bamba limeandikwa 1203.